Baba, Si Hesabu Yako Iliyomuua Tata

Leeds, Uingereza
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima ya mtoto kwa mzazi wake. Kabla hujaendelea kusoma, mwambie Mama, ambaye najua amesimama mlangoni na kikombe mkononi, kwamba ndiyo, ninakula, na ndiyo, ninavaa ile sweta. Goti lako linaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Kifua cha Mama je? Mvua imefika huko Kieni, au mlima unajifunika mawingu tu na kuwanyima? Mimi mwili ni mzima. Huku theluji imeanguka wiki nzima, mabomba ya nyumba ninayokaa yakaganda, tukawa tunachota maji kwa jirani na ndoo kama watu wa Doldol wakati wa kiangazi. Mama mwenye nyumba, mjane ambaye ni rika la Mama, aliniongezea blanketi bila kuombwa. Kwa hiyo ya mwili usiyahangaikie.

Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha hapa tangu nilipotoka kanisani. Nimeandika "Baba mpendwa" mara nne, na karatasi tatu nimezichana.

Muthoni ameniandikia. Najua hukumtuma dada yangu, wala usimgombeze. Mwalimu hawezi kukaa na jambo bila kulisema, na kutoka shuleni kwake Kiriaini hadi nyumbani ana safari ndefu ya kulifikiria. Anasema tangu mmzike Tata Wangechi, dada yako, umeacha kuhesabu. Kondoo wanaingia zizini jioni na huwatazami. Mmoja alilala nje siku mbili na ni Mama aliyegundua. Muuguzi wa zahanati alipokuuliza una watoto wangapi, ulimjibu "wapo", basi. Kanisani umeacha kiti chako cha wazee wa mbele, unakaa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyeingia kuuliza njia. Na anasema watu wa soko la Chaka wananong'ona, tena wengine hawanong'oni: mzee alihesabu watu barabarani kwa ajili ya Wazungu wa mtoto wake, sasa barabara inawachukua wale waliohesabiwa, na imeanza na dada yake mwenyewe. Hukuwajibu hata neno moja, anasema Muthoni, kwa sababu na wewe unaamini hivyo.

Baba, si kweli. Hesabu yako haikumuua Tata. Hesabu yako ndiyo ingeweza kumwokoa, na mimi ndiye niliyeitupa. Nimelijua jambo hili kwa miezi mitano nikalikalia. Naomba usome mpaka mwisho, hata hasira ikikushika katikati. Ikikushika, weka barua chini, kalishe kondoo malishoni, kisha urudi.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi ninayosomea, kwa sababu kila nikianza nasikia ninajivuna. Ni hivi. Wataalamu wa huku waliketi miaka mingi wakazichunguza barabara zao. Waliandika magari mangapi yanapita kwa siku, upana wa lami, kona, njia panda, kisha wakaandika ajali zilizotokea mahali hapo. Kutokana na hayo wakatengeneza fomula. Ukiipa barabara, inakuambia watu wataumia wapi mwaka ujao, kabla hawajaumia. Si uganga, ingawa nikiisema hivi naona inavyofanana. Ukishajua mahali pabaya ni wapi, unatengeneza hapo kwanza: unajenga njia ya miguu, unaweka alama, unapunguza mwendo wa magari.

Kazi yangu ilikuwa kuichukua fomula hiyo ya Uingereza na kuivalisha barabara yetu, kutoka Nyeri kupanda hadi Nanyuki, nione kama inakaa. Unakumbuka lile koti ambalo Guka, babu yangu, alipewa na Mzungu aliyemfanyia kazi? Lilikuwa koti zuri, lakini Guka alikunja mikono mara mbili, akasema sasa limemtosha. Nasi hufanya hivyo hivyo. Tunachukua ajali zote ambazo polisi wa kwetu wameandika katika barabara nzima, tunazilinganisha na zile fomula inazotabiri, tunapata tarakimu moja ya kuzidishia, basi tunasema imetosha. Lakini kukunja mikono hakugusi mabega. Guka alipata shida mabegani mpaka koti likapasuka, na hakuna aliyemuuliza.

Nilipokuja nyumbani kukusanya habari za barabara, nilikuwa na akili kidogo. Kwenye fomu za kuhesabia magari niliongeza safu moja yangu mwenyewe, ya watu wanaotembea kwa miguu. Sikuambiwa na mtu. Nilijua tu barabara yetu ni ya watu kabla haijawa ya magari, na tangu iwekwe lami wote wanaipigania. Ofisi ya barabara ilinipa makarani. Yule aliyewekwa Chaka, kijana wa kwetu mwenye familia, alihesabu magari saa moja, kisha akanirudishia penseli.

"Gari nitahesabu mpaka jioni, bwana," aliniambia. "Lakini watu hapana. Mimi niko na watoto, na mama yangu bado ako hai. Ati nionyeshe watu na penseli, moja, mbili, kama mbuzi ya mnada? Mtu akihesabiwa anaisha."

Nilikuja kuwasimulia jioni ile nikicheka. Mama alicheka kidogo kwa ajili yangu. Wewe hukucheka. Uliniuliza, "Wewe unataka hesabu ya watu ya nini?"

Nikasema, ili wenye kutengeneza barabara wajue kuna watu.

Ulimaliza chai yako yote kwanza. "Mimi ni mtu wa kanisa," ukasema. "Hiyo kitu ni ya kweli ama si ya kweli, mimi sijui. Lakini baba yangu hakuhesabu watu, na baba yake hakuhesabu. Kama ni ya kusaidia watu, nitakaa mimi. Wewe ni mtoto yangu, siwezi kukuacha na karatasi tupu."

Ukakaa siku tatu, Baba, na ya tatu ilikuwa siku ya soko. Ulivaa lile koti la kaki la udereva, ukachukua kigoda cha Mama, ukakiweka pale lami inapobana kabla ya kufika sokoni, ambapo pembeni kuna mtaro upande mmoja na ua wa miiba upande wa pili, na mtu hana pa kukanyaga isipokuwa juu ya lami yenyewe. Kila aliyepita ulimsalimu ndipo ukamwandika. Nilikuwa ng'ambo nikipima upana wa barabara, nikaona haya kidogo hata siku ile, maana mhandisi wa ofisini aliniuliza kama wewe ndiye karani wangu na mimi nikasema "ndiye", nisiongeze neno.

Tata Wangechi alipita siku ya soko na gunia la viazi mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, shingo imenyooka kama ilivyo kwa mwanamke mwenye mzigo. Hakuweza kugeuka kukutazama, ila macho yalikuja upande wako. "Umeniandika?" akakuuliza. "Basi andika mara mbili. Mimi na hii gunia, hatujui nani amebeba nani." Ukamwambia aende zake, anakuharibia kazi. Nilimsikia akicheka mpaka alipofika kwenye mabanda ya mboga. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa mgonjwa, nami nikamlipa hivi nitakavyokueleza.

Jioni ulinipa karatasi. Nilitazama nikaona vijistari tisa, kisha nafasi tupu, vijistari tisa, kisha nafasi tupu, hivyo hivyo kuanzia juu hadi chini, bila kukosea hata mahali pamoja. Nikakuuliza nafasi ni za nini.

"Tisa naandika, wa kumi naacha apite," ulisema. "Huyo ni wa Mungu. Ukitaka kujua wote, ingiza hizo nafasi kwa hesabu yako. Hivyo mimi sijamaliza watu, na wewe hujakosa kitu."

Nilistaajabu siku ile. Watu wetu husema koo zetu ni tisa kamili, na kila mtu anajua ni kumi ila ya mwisho haitajwi. Wewe ulichukua hekima hiyo ukaiweka ndani ya fomu ya serikali, na mila haikuvunjika wala hesabu haikupungua. Niliwaza, huyu mzee angezaliwa wakati wangu angekuwa yeye anayeenda Uingereza. Niliwaza hivyo moyoni, Baba. Ningesema kwa mdomo, huenda mengine yote yasingetokea.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Huku kila baada ya wiki chache tunaketi katika chumba kimoja, Profesa wangu na wanafunzi wake kama kumi, na mmoja anaonyesha kazi yake. Zamu yangu ilipofika nilivaa tai. Nilibandika karatasi zako ukutani pamoja na za magari. Profesa ni mtu mpole, si mtu wa kumdhihaki mwingine. Alizitazama muda mrefu, akauliza mambo mawili. Kwanza, inawezekanaje barabara yenye magari machache hivyo iwe na watu wengi hivyo wanaotembea? Pili, hizi nafasi tupu ni za nini?

Nilikuwa na jibu la yote mawili. Ningesema: kwetu barabara ni ya watu. Ningesema: kwetu hatuhesabu watu, ila baba yangu alipata njia. Lakini niliwatazama wenzangu, nikaona mmoja anatabasamu, pengine alikuwa anawaza chakula chake cha mchana, mimi nikaona ananicheka. Nikawaza nikitaja mila watasema, huyu ametoka msituni na amekuja na mizimu yake chuoni. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema:

"Aliyehesabu ni mzee mmoja wa kijijini. Hajasoma. Naona hakuelewa maagizo."

Ndivyo nilivyosema, Baba. Mzee mmoja wa kijijini. Wewe uliyeendesha lori la ujenzi miaka yote ile, ukaniandikia barua za Kiswahili kutoka kambi moja hadi nyingine mpaka nikajua kusoma kabla ya kuingia shule. Petro alikana mara tatu akiogopa kufa. Mimi nilikana mara moja, na sikuwa nikiogopa chochote isipokuwa kuchekwa, na hata huko kuchekwa sina hakika kulikuwepo.

Profesa akasema basi, kama hesabu hizi hazitegemeki, ni bora tuziache. Nikazibandua.

Kuna mashine hapa ya kukokotoa, kubwa, inajaza chumba kizima. Unailisha kadi zenye matundu, nayo inatoa majibu upande wa pili. Mashine hiyo haikubali nafasi tupu. Kila safu lazima iwe na tarakimu. Kwenye safu ya watu wa Chaka nikaweka tarakimu ya barabara ya mashambani ya Uingereza. Huku mashambani ukimwona mtu anatembea barabarani unadhani gari lake limeharibika. Kwa hiyo mashine ikaambiwa kwamba Chaka, siku ya soko, watu hakuna.

Ikanipangia sehemu zote za barabara kuanzia iliyo mbaya kabisa hadi iliyo salama. Ya kwanza ikawa ile kona kubwa ambako magari ni mengi na hapiti mtu kwa miguu ila mchungaji mmoja na mbuzi wake. Chaka ilikuwa karibu na mwisho. Niliiona pale chini, na nakuapia kwamba kitu kilinigusa. Nilikuwa nimelala na kuamka kando ya barabara hiyo tangu utotoni. Lakini orodha ilikuwa imepigwa taipu vizuri, na jina langu lilikuwa juu yake. Nikanyamaza.

Nakala ikapelekwa nyumbani, ofisi ya barabara. Siwalaumu hata kidogo. Walipewa karatasi na mtaalamu wao mwenyewe aliyesomeshwa ng'ambo, wakaiamini. Walikuwa na vifaa vya kutengenezea mahali pamoja tu mwaka ule, wakavipeleka kwenye kona. Muthoni aliniambia nguzo nyeupe zimewekwa na njia ya miguu imejengwa safi. Nilifurahi. Niliwasomea wenzangu barua yake.

Kisha ikaja ile barua nyingine. Siku ya soko, mchana, Tata anarudi nyumbani na mzigo. Lori la ng'ombe kutoka upande wa Nanyuki linataka kulipita jingine. Wanawake watatu walikuwa wakifuatana, wawili wakarukia mtaroni. Yeye kamba ilikuwa kwenye paji la uso na mzigo ulikuwa mgongoni. Hangeweza kugeuza shingo kuangalia nyuma, na pa kukimbilia hapakuwepo. Fomula ya Uingereza ina tarakimu ya kona na tarakimu ya njia panda, Baba. Haina tarakimu ya mwanamke asiyeweza kugeuza shingo, kwa sababu walioitengeneza hawajamwona. Mimi nilimwona. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikimsikia anacheka.

Usiku sikulala, lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Ninalotaka kukuambia ni kwamba asubuhi nilikwenda chuoni, nikafungua sanduku, nikatoa karatasi zako, nikahesabu vijistari na nafasi vyote kama ulivyonielekeza. Nikavipeleka kwenye mashine. Chaka ikapanda kutoka chini hadi juu, ikaipita ile kona, ikakaa ya kwanza. Nilijua basi. Nilijua kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kisha nikaketi nikakuandikia ile barua ndefu ya rambirambi yenye Zaburi, nikasema ni mapenzi ya Mungu. Mama aliniandikia kwamba uliisoma mara mbili. Nikikumbuka hilo natamani ardhi inifunike. Nilimsingizia Mungu kazi ya mikono yangu, na wewe ukafarijika kwa maneno ya mtu aliyekuwa anakuficha.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilikwisha kuja na bado nilikuwa naficha. Nilijiambia kwamba nikisema, masomo yatavunjika, na nyote mmejinyima kwa ajili ya masomo haya. Nilijiambia Tata hatarudi. Nilijiambia mengi. Sikujua kwamba kimya changu kilikuwa kinakuangukia wewe, kwamba wakati mimi naficha kosa watu walikuwa wamelichukua na kukuvika. Hapo ndipo barua ya Muthoni iliponikuta. Mtu aliyehesabu kwa upendo, akamwachia Mungu sehemu yake, ndiye anayekaa karibu na mlango wa kanisa; na aliyemkana ndiye anayekaa kwenye benchi la mbele huku, akiimba tenzi.

Jumatatu nilikwenda kwa Profesa. Nilimwambia yote: mila, nafasi za wa kumi, nani aliyehesabu, nani aliyekufa. Sikuogopa tena kuchekwa, na hakunicheka. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia ni baba yako?" Alizitandaza karatasi zako mezani, akafuatisha mistari kwa kidole, akasema kwamba kwa miaka yake yote hajapata kuona mtu wa kuhesabu aliye makini hivi, na kwamba mjinga katika chumba kile siku ile hakuwa yule mzee wa kijijini. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe alipaswa kuuliza mara ya pili. Lakini hilo ni lake. Mimi langu linanitosha.

Kazi yangu imerudishwa. Shahada niliyokuambia ningeipata kabla ya Pasaka sitaipata, naanza upya, na mwambie Mama asiwaambie watu wa kanisa tena kuhusu lile joho. Niliipelekea ofisi ya barabara telegramu kwamba orodha ile ni mbaya na kosa ni langu. Wamenijibu kwa telegramu pia, kwa heshima kuliko nilivyostahili. Wako tayari kuifikiria Chaka, ila hawawezi kubadilisha mpango kwa karatasi ambazo mimi mwenyewe niliandika hazitegemeki. Wanataka watu wahesabiwe tena, siku tatu, moja yake iwe siku ya soko, na aliyehesabu atie sahihi.

Kila siku napita kwenye kivuko kilicho karibu na nyumba hii. Wamepaka mistari myeupe barabarani, na mtu akikanyaga mstari wa kwanza gari linasimama, hata liwe kubwa namna gani. Mama mwenye nyumba anavuka na kikapu chake polepole bila kuangalia upande wowote. Juzi nilisimama pale nikimtazama, nikashindwa kuzuia machozi, akadhani nimepata mafua.

Sasa jambo ninaloomba. Baada ya kusoma, mpelekee barua hii Mzee Gachanja, mume wa Tata. Msomee mwenyewe au Muthoni amsomee, na kama kuna watu wamekaa naye, wasiondoke. Anayo haki ya kujua nani alimwacha mkewe barabarani. Akitaka kunilaani nitapokea. Akisema nisikanyage kwake nitapokea. Lakini asiendelee kukupita wewe njiani bila salamu, kama Muthoni anavyosema anafanya, maana shemeji yake hakumfanyia kosa lolote.

Nisalimie Mama, na umwambie barua hii aisikie yote hata sehemu zitakazomuuma. Nisalimie Muthoni na mumewe, na umwambie dada yangu ahsante, ameniokoa kwa kunisema. Nisalimie nyanya yangu, Cucu, umpigie kelele sikioni mpaka asikie kwamba ni mimi. Na yule karani aliyenirudishia penseli, ukimkuta sokoni, mwambie namwomba radhi kwa kumcheka.

Watakuja watu wa ofisi wakutake uhesabu tena, kwa kuwa wewe ndiye unayejua. Kataa, Baba. Usishike penseli. Profesa ameniruhusu kuja mwezi wa saba, nami nitahesabu mwenyewe, siku zote tatu. Kama kuhesabu watu kuna ubaya, uanzie kwangu, na sahihi itakayokuwa pale chini iwe yangu na jina la baba yangu kando yake. Ningependa uwe umekaa karibu nami, uwasalimu wanaopita kama ulivyofanya, maana wengi wao mimi nimewasahau majina. Lakini kama hutataka kuonekana na mimi mbele ya watu, nitaelewa. Nitaweka kigoda changu ng'ambo ya barabara.

Ni mimi mtoto wako,
Kariuki